Leso Mbili, Ushuru Mbalimbali

Mama wa Ukunda aliyekwenda kununua mali Tanga anaweza kurudi na leso mbili zinazolingana pindo, mji, hata jina. Zote amezitoa duka moja. Ya kwanza imefumwa na kupigwa chapa kiwandani Dar es Salaam, ya pili imeletwa na meli kutoka India. Akifika mpakani Lunga Lunga, ya kwanza ina haki ya kuingia Kenya bila ushuru wa forodha. Ya pili haina. Tena leso zimo katika orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa zile zinazotoka nje ya Jumuiya, kwa miaka mingi kiwango cha ushuru kimekuwa 50%.

Wengi hukwama hapa, na siwalaumu. Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka 2005, wamekuwa wakisikia kwamba mali ya Tanzania haitozwi. Hawakuelezwa kwamba forodha haiangalii duka lililouza. Inauliza bidhaa ilizaliwa wapi. Machungwa ya Muheza hayana utata: yamemea na kuchumwa Tanzania. Kitu cha kiwandani chenye malighafi ya ng'ambo ndicho chenye maswali, kwa sababu lazima kiwe kimegeuzwa vya kutosha kwa vigezo vya kanuni za uasili za 2015. Kubadilisha gunia tu au kubandika lebo mpya hakutoshi.

Ushahidi wa mahali bidhaa ilikozaliwa ni cheti cha uasili wa bidhaa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, hutumia Cheti Rahisi cha Uasili. Hutolewa papo hapo mpakani, bila malipo. Ukizidi hapo, tafuta cheti kamili mapema, na mara nyingi wakala wa forodha.

Zingatia hili: cheti hutolewa na upande bidhaa inakotoka. Kwa mali ya Tanga, mwombe afisa wa Tanzania, hata kama siku hizi yeye na mwenzake wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) wako chini ya paa moja. Afisa wa Kenya hawezi kukuandikia. Weka pia risiti ya muuzaji, kwani ndiyo huonyesha thamani.

Cheti huondoa ushuru wa forodha peke yake. Wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya (KEPHIS) watakagua matunda na mbegu vilevile, na bidhaa inayostahili kodi ya VAT italipiwa.

Kinachoniuma ni wale wanaopita njia za panya usiku upande wa Vanga, wakiwa na magunia ya machungwa vichwani kwa hofu ya ushuru. Wakishikwa, mzigo unakwenda. Machungwa hayo hayo, na cheti cha bure mkononi, yangepita Lunga Lunga mchana bila kutozwa ushuru wa forodha hata shilingi moja.