Muuguzi Anayehesabu Pumzi

Katika kliniki yetu ya watoto yumo muuguzi ambaye kifaa chake kikuu ni saa ya mkononi. Mtoto akiletwa kwa kikohozi, humwomba mama amtulize na kumfunua kifua, kisha huhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili, hata foleni iwe ndefu namna gani. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa miezi 12 hadi 59 akifikisha 40, nimonia hushukiwa. Maradhi hayo yaliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019.

Hata hivyo, si kila mtoto apumuaye kwa shida ana nimonia. Msimu mmoja wa baridi aliletwa mvulana wa miaka 6 kwa mara ya tatu. Faili lake lilionyesha nimonia mara mbili, na mara zote alipewa antibiotiki.

“Mama, hukohoa zaidi wakati gani?” muuguzi aliuliza.

“Usiku, Sista, na alfajiri. Homa hana.”

“Na jiko la mkaa mnawasha wapi?”

“Humo humo chumbani.”

Muuguzi alichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, akatoboa kitako chake na kuchomeka mdomo wa kifaa cha kupulizia salbutamoli. Bila chupa, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni; kwa chupa, mtoto huivuta taratibu hadi mapafuni. Baada ya robo saa mluzi wa kifuani ulipungua, naye akaniita. Ilikuwa pumu. Mwandiko wa zile nimonia mbili ulikuwa wangu.

Tulimwanzishia dawa ya kuvuta ya kila siku ya kuzuia pumu, na jiko likahamishiwa nje. Mama alifundishwa kutumia chupa, kisha akatakiwa aonyeshe mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mzazi, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, kifua kikibonyea anapovuta pumzi, akipata degedege au midomo ikigeuka samawati, mpeleke hospitali mara moja. Nasi madaktari, kabla ya kuandika nimonia kwa mara nyingine, tuulize mtoto hukohoa saa ngapi.