Anayetajwa ni Nani? Adabu ya Kutajana Salgaa

Salgaa, kituo cha madereva wa malori katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret na mpaka wa Uganda, imekusanya Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na Wajaluo. Na kwa kuwa kila kaumu ina desturi yake ya kumtaja mtu, mgeni anayekifahamu Kiswahili barabara aweza kuyasikia maneno yote ya mazungumzo asitambue anayesemwa.

Mama wa Kikuyu akisema, "Baba amelala, msipige kelele," mgeni atadhani mwenye nyumba yumo chumbani, ilhali aliyelala ni mtoto mchanga. Kwa mila ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti kadhalika huwarithi bibi zao. Basi mwanamke aliyemzaa mwana wa pili amemzaa, kwa hesabu ya nasaba, baba yake mwenyewe, naye humwita mtoto yule baba kwa mapenzi na kwa taadhima ya kweli. Sioni desturi iliyo nzuri kuishinda hii, ambayo kwayo mzee aliyekwisha kufariki huendelea kuitwa kila asubuhi aje anywe uji.

Kwa Wakalenjin jina lenyewe hufichua jinsia ambayo "yeye" ya Kiswahili huisitiri, maana Kipkoech ni mwanamume na Chepkoech ni mwanamke, wote wawili wamezaliwa alfajiri. Lakini asikimbilie mtu kuhukumu kwa silabi ya kwanza, kwani Cheruiyot ni mwanamume.

Huko Vietnam desturi hii ya kutajana kwa ujamaa imefika mbali zaidi, kwani aghalabu watu hutumia majina ya ujamaa mahali pa mimi na wewe. Neno em, lenye maana ya ndugu mdogo, hutamkwa na mdogo akijitaja mbele ya mkubwa wake, na mkubwa naye humwita mdogo kwa neno lilo hilo. Mke huwa em kwa mumewe, na mume huwa anh, yaani kaka, hata wasipokuwa na udugu wowote wa damu. Asiyejua nani kamzidi mwenziwe umri hawezi kujua nani anasema habari za nani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona kuwa upekuzi maswali yale aulizwayo mgeni Salgaa, kwamba kwao ni wapi, ni mtoto wa nani, ana watoto gani: bila majibu hayo jirani hana njia ya kumtaja kwa heshima asipokuwapo. Akishajulikana kuwa ni Mama Chebet au Baba Kamau, ataingia katika maneno ya watu kwa mlango wake mwenyewe, hata akiwa safarini mpakani Malaba.