Lita Nane Dhidi ya Mtaa Mzima

Mvua kubwa inaponyesha Chicago, wenye nyumba hushuka ngazi kwenda kukagua tundu la sakafuni. Nyumba nyingi kule zina chumba kikubwa chini ya ardhi, na sakafu yake ina tundu la kutolea maji lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Siku za kawaida maji huteremkia humo. Siku ya gharika hupandia humo humo: tundu linagugumia, linatoa povu la kijivu, halafu uchafu wa vyoo vya mtaa mzima unatambaa hadi chini ya mashine ya kufulia.

Asili ya tatizo hili ni karne ya 19. Mwaka 1855 mji ulimwajiri mhandisi Ellis Chesbrough aujengee mabomba ya maji taka. Ardhi ilikuwa tambarare mno, kwa hiyo mabomba yalilazwa juu ya barabara na kufukiwa, kisha majengo yakainuliwa kwa jeki yalingane na barabara mpya. Maji ya vyoo na ya mvua yalipita bomba moja, na sehemu kubwa ya mji ingali hivyo mpaka leo. Sasa piga hesabu: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000, ujazo wa tenki kubwa jeusi la plastiki. Nyumba moja hiyo. Na tarehe 2 Julai 2023 baadhi ya maeneo ya magharibi mwa mji, pamoja na vitongoji kama Cicero, yalipata zaidi ya milimita 200.

Kuanzia 1975 Chicago ilichimba mahandaki makubwa ya kupokea maji hayo. Yana urefu wa kilomita 175 hivi na yalikamilika 2006, yakisaidiwa na mabwawa ya kuhifadhia. Ni kazi ya kutukuka, ila maji lazima kwanza yapite bomba jembamba la mtaani ndipo yafike handakini. Bomba hilo likijaa, kina hupanda, na maji hutafuta usawa wake ndani ya nyumba yoyote iliyo chini ya kina hicho.

Dawa ya zamani ni rahisi ajabu. Mtu anakaza kipande cha bomba, wima, kwenye lile tundu la sakafuni, ili maji yapande ndani yake badala ya kumwagika. Mgandamizo wa maji hutegemea kimo, wala upana hauhusiki. Bomba la kipenyo cha sentimita 10, likijaa hadi mita moja, lina lita 8 tu, na lita hizo zinatosha kusawazisha mgandamizo wa bomba zima la barabarani. Shida ni kwamba choo na bafu vya huko chini navyo vina matundu, tena yaliyo chini kuliko ncha ya bomba hilo. Na mabomba ya vigae ya chini ya sakafu yakiwa yamechakaa, mgandamizo unaweza kuivunja sakafu yenyewe.

Wengine hufunga vali ya kuzuia maji kurudi, yenye kilango kinachojifunga mkondo ukigeuka. Kitambaa kimoja kikinasa pale, kilango hakifungi, lazima isafishwe. Tena ikishajifunga, maji ya nyumba yenyewe pia hayana pa kutokea: anayeoga ghorofani wakati huo anaijaza nyumba yake mwenyewe. Kwa maoni yangu tiba ya kweli, japo ni ghali, ni kupandisha bomba la kutokea litoke karibu na dari ya chumba hicho, na maji ya chini yasukumwe juu kwa pampu. Umeme ukikatika pampu inasimama, lakini maji ya bomba la nje hayawezi kupanda kimo hicho kirahisi.

Uchafu ukishaingia, usikanyage maji kama soketi zimezama. Umeme ukatwe kwanza, na si kwa kusimama majini kuifikia swichi. Zulia na magodoro ni ya kutupwa, maana yamenyonya vimelea vya kuhara na homa ya ini A. Vilivyobaki vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaota. Kuyatoa maji kwa pampu nako kusiharakishwe kama yamejaa hadi juu na udongo wa nje umelowa: maji ya ndani ndiyo yanayozisaidia kuta kuhimili msukumo wa nje. FEMA, shirika la maafa la Marekani, hushauri kutoa kama theluthi moja kwa siku.