Ifo: Maneno elfu mbili kwanza

Kwa sera ya elimu ya Kenya, mwanafunzi akifika gredi ya nne hufundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Katika kambi ya Ifo, Kaunti ya Garissa, sera hiyo inawakuta watoto ambao wengi wao huzungumza Kisomali nyumbani, na wengine Kioromo. Kitabu cha sayansi hakijali nani katoka wapi. Kamusi ya Kiingereza na Kisomali, hata ikipatikana, itamfaa mmoja na kumwacha wa pembeni yake akikodoa macho.

Ifo ndiyo kambi kongwe kati ya zile za Dadaab. Ilifunguliwa mwaka 1991, Wasomali walipovuka mpaka baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Kambi tatu za mwanzo, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa kuhifadhi watu 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame mkali, Dadaab ilikuwa imepita watu 400,000. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, na mtihani wa kidato cha nne ni ule ule unaofanywa Nairobi.

Dawa moja ya tatizo hili la lugha ina umri mkubwa kuliko kambi yenyewe. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, aliona kamusi za kawaida zikieleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi. Mwaka 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyofafanua maneno na misemo zaidi ya 20,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1978 wachapishaji Longman walifuata njia hiyo kwa maneno kama 2,000, na mwaka 1987 kamusi ya Cobuild ikaanza kueleza kila neno kwa sentensi kamili, kama mwalimu anavyosema darasani.

Ufafanuzi wa namna hii una nguvu na una mipaka. Ukimwambia mtoto wa Ifo kwamba ukame ni muda mrefu bila mvua, umemaliza: jambo analijua kuliko mwandishi wa kamusi, alichokosa ni jina lake la Kiingereza. Lakini ukimweleza theluji kuwa ni maji yaliyoganda yanayodondoka kutoka mawinguni, ataelewa kila neno na bado asiione. Hapo picha hushinda maelezo. Wapo vijana wa Dadaab waliokuja kuikanyaga theluji wenyewe, kupitia mpango wa shirika la WUSC ambao tangu 1978 umewapeleka wakimbizi kusoma vyuo vikuu vya Kanada.

Sharti la njia hii ni kwamba yale maneno 2,000 yajulikane kwanza. Asiye nayo, kamusi rahisi humzungusha sawa na ile nzito. Kwa hiyo kazi kubwa iko madarasa ya chini, ambako mara nyingi huwa hakuna kitabu cha kila mtoto. Ubao na daftari vinatosha kuianza: maneno machache kila siku, yatumike katika sentensi, kisha mwanafunzi ageuziwe kibao na kuambiwa afafanue mwenyewe, kwa Kiingereza chepesi, bila kulitaja neno lenyewe. Mwenzake wa Kioromo akilitambua, wote wawili wamelipata.

Wafadhili hupenda kupiga picha na makasha ya vitabu vinene. Wangeanza na mwalimu wa gredi ya kwanza, vitabu hivyo vingepata wasomaji.