Ng'oa 46: Safari ya Jino Kuingia Daftarini

Hebu tumfikirie mchimbaji mdogo wa dhahabu anayetoka kliniki ya meno huko Geita, mkononi ana kadi yenye agizo fupi: "Ng'oa 46." Anayahesabu meno yake kwa ulimi, anapata 31, kisha anajiuliza yale 15 yaliyopungua atayakopa kwa nani.

Ndugu huyu hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba 46 si hesabu bali ni anwani. Husomwa "nne-sita": nne ni robo ya kinywa, chini kulia kwa mgonjwa, sita ni nafasi ya jino kuanzia katikati, yaani gego la kwanza. Na kulia ni kwa mgonjwa, si kwa daktari aliyemkabili. Waliolichanganya hilo wamewahi kung'oa jino lisilo na hatia.

Anwani hiyo ilipatikana kwa taabu. Mwaka 1861, Adolf Zsigmondy wa Vienna aliigawa kinywa kwa alama ya msalaba na kuhesabu moja hadi nane katika kila robo. Ilipendeza kwa kalamu, lakini mashine ya chapa haikuwa na msalaba wa namna hiyo. Mwaka 1970, Shirikisho la Meno Duniani, FDI, lilikubali mfumo wa tarakimu mbili. Wamarekani wengi wakabaki na wao wa 1 hadi 32. Kwao gego hilohilo ni namba 30.

Kabla ya hayo yote, daftari lilikuwa kichwa cha fundi. Mwaka 1776, Paul Revere, sonara wa Boston aliyetengeneza pia meno ya bandia, aliutambua mwili wa Dakta Joseph Warren, aliyeuawa vitani mwaka uliotangulia, kwa kazi aliyokuwa ameifanya kinywani mwake. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na nakala moja tu. Sonara angekufa kwanza, nayo ingezikwa naye.

Shinyanga inaye karani wa kale zaidi: maji. Baadhi ya visima vya mkoa huo vina madini ya floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeyanywa meno yake ya kudumu yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia. Hayo si uchafu, wala mswaki hauyafuti. Ni maandishi yanayosema mwenyewe alikunywa maji ya namna gani utotoni.

Hata hivyo, maji hayaandiki jino lililozibwa wala lililong'olewa. Hiyo ni kazi ya watu. Wachimbaji huhama kila rashi mpya inapotangazwa, na mgonjwa akifika kituo kingine bila kadi, historia yake huanza upya. Duara likiporomoka na sura isitambulike, kadi hiyo ndiyo inayoweza kuirudishia familia ndugu yao badala ya mgeni.

Basi mhudumu na aandike namba pamoja na maneno: "46, gego la kwanza, chini kulia," kisha amsomee mgonjwa kwa sauti. Mgonjwa naye aitunze kadi kama anavyotunza dhahabu yake. Na akiambiwa nne-sita, asihesabu: afungue kinywa, aoneshe lipi linauma.