Mwili wako haujaizoea dawa

Uko Mchombe, mpunga umeiva, mundu umeteleza ukakukata mguuni. Unasuuza kwa maji ya jaruba, unafunga kitambaa, kazi inaendelea. Siku ya tatu mguu umevimba, usaha unatoka. Jirani anakwambia: "Chukua rangi mbili, fungua kapsuli, mwagia ule unga." Kidonda kikigoma kupona utasikia la pili: "Mwili wako umeshaizoea dawa."

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalotuponza. Antibayotiki inapigana na bakteria, haipigani na mwili. Kwa hiyo usugu ni wa bakteria. Na wala hawazoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Mchukue stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye ngozi za watu wengi bila shida yoyote. Akiingia kwenye jeraha anaweza kujigawa karibu kila nusu saa, yaani ndani ya saa 10 mmoja anakuwa zaidi ya milioni. Katika kunakili vinasaba mara zote hizo makosa hayakosi, na mojamoja humwezesha mwenye nalo kuhimili dawa. Wengine hupokea vinasaba vya usugu kutoka kwa bakteria jirani, vikiwa tayari kabisa. Dawa ikija, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kidonda chote.

Hawa sugu wanahama. Mtoto wako ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuwapata kwa taulo au mikono ya nyumbani. Mwili wake uzoee nini?

Sasa ule unga. Kapsuli imetengenezwa imezwe, dawa iingie kwenye damu kwa kipimo kinachojulikana. Ukiimwaga, juu ya kidonda inajaa, chini kwenye usaha inafika kidogo au haifiki kabisa. Halafu yupo sudomonasi, mpenda maji na unyevu, ambaye usaha wake mara nyingi ni wa kijani na unanuka. Ampisilini na tetrasaiklini hazimwezi tangu asili. Ukimwaga rangi mbili unamfukuzia washindani tu!

Wala si mambo mapya. Mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea, Abraham na Chain wa Oxford waliripoti bakteria wenye kimeng'enya kinachoivunja. Ikatengenezwa methisilini isiyovunjwa kirahisi. Kufikia 1961 Uingereza ilishakuwa na stafilokokasi sugu kwake.

Ufanyeje, basi? Osha jeraha mapema kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, lifunike, na uliza zahanati kuhusu sindano ya pepopunda. Wekundu ukisambaa, homa ikipanda au usaha ukizidi, usingoje. Najua, kwenda Ifakara ni nauli na siku ya kuvuna imepotea, ndiyo maana kapsuli za dukani zinashinda. Lakini hospitali yenye maabara ya kuotesha vimelea huchukua usaha, ikiwezekana kabla hujaanza antibayotiki, ikauotesha kwenye sahani na kuweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara tupu lisilo na bakteria. Majibu huchukua siku mbili tatu hivi. Kama tayari umemwagia au umemeza kitu, mwambie daktari ni nini na lini, hata kama unaona aibu.