Ng'ombe Wetu wa Asili

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Lituhi nilimkuta baba amekwisha kusudia kuuza ng'ombe wetu wote watatu, apate kununua mmoja wa kigeni mwenye maziwa mengi. Mama hakupenda. Nikaulizwa mimi, kwa kuwa ndimi nisomaye Biolojia. Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na leo nalileta mbele yenu.

Ng'ombe wetu ni wale wenye nundu, ambao wataalamu huwaita Zebu wa Pembe Fupi wa Tanzania. Jamaa zao ni wengi: wako wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, na wale wa Ugogo, Umasai na Mbulu. Kagera wako Ankole, wenye pembe ndefu.

Sifa yao ya kwanza ni kustahimili joto. Ngozi yao ni legevu na manyoya yao mafupi, basi joto la mwili hutoka upesi. Huku kwetu pwani ya Ziwa Nyasa jua ni kali. Ng'ombe wa Ulaya hutweta kivulini na kupunguza kula, na asiyekula hatoi maziwa. Afadhali kwake baridi ya milima ya Mbinga.

Sifa ya pili ni kuvumilia maradhi. Ndigana kali huenezwa na kupe. Ndama wa asili aliyezaliwa penye kupe mara nyingi huugua kidogo akapona, na akiisha kupona hupata kinga. Ng'ombe mgeni asipoogeshwa dawa mara kwa mara huweza kufa katika majuma machache, na fedha zote za mwenyewe zikaenda naye.

Sifa ya tatu ni kuridhika na kidogo. Hula mabua ya mahindi na nyasi kavu, na huenda mbali kutafuta maji. Dume lake likihasiwa huvuta jembe.

Lakini nisifiche kasoro zake. Maziwa yake ni kama lita moja au mbili kwa siku, na mtamba huchelewa kuzaa, hata kufikia miaka minne. Wa kigeni akitunzwa sana hutoa lita kumi na kuzidi.

Je, hakuna njia ya katikati? Iko. Kule Mpwapwa wataalamu walichanganya zebu wetu na Boran, na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na damu kidogo ya Ayrshire wa Uskochi. Ng'ombe wa Mpwapwa akatambuliwa kuwa aina kamili mwaka 1958. Nasi wenye zizi dogo twaweza kuanza na jambo moja: tusiuze wala kuhasi dume lililo bora tukaacha dhaifu lipande. Tukifanya hivyo tunaharibu mbegu yetu wenyewe, kisha tunamlaumu ng'ombe.

Hayo ndiyo niliyomwandikia baba. Ameuza mmoja kwa ajili ya mabati ya nyumba, na wawili wamebaki zizini. Sasa anatafuta dume zuri la kuwapandisha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne